Hossegor na pwani ya Landes: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mawimbi, maji kujaa na kupwa, na usalama wa mgeni

Majibu yafuatayo yamekusudiwa wasomaji wa Kiswahili wanaotaka kwenda kuteleza mawimbini, au kuogelea tu, katika pwani ya Atlantiki ya kusini-magharibi mwa Ufaransa. Mtu aliyekulia Mombasa, Tanga au Unguja anaijua bahari, lakini bahari aliyoizoea imewekewa ukuta wa matumbawe unaoyavunja mawimbi mbali na ufuko. Hossegor haina ukuta huo. Kinachoamua kila kitu ni mchanga, na mchanga hautulii.

Hossegor iko wapi, na kwa nini jina lake linatajwa sana?

Hossegor ni mji mdogo katika wilaya ya Landes, kiasi cha kilomita 30 kaskazini mwa Biarritz. Jina rasmi la manispaa yake ni Soorts-Hossegor. Kusini inapakana na Capbreton, ambayo imetengwa nayo na mfereji wa Boudigau tu, na kaskazini inapakana na Seignosse. Kutoka hapo ufuko unaendelea kaskazini kwa zaidi ya kilomita 200 hadi mdomo wa Gironde, karibu wote ukiwa mchanga mtupu wenye matuta na misitu ya misonobari nyuma yake, ukikatizwa tu na ghuba ya Arcachon na midomo michache ya mito midogo.

Mchezo wa kuteleza mawimbini, ambao wengi huuita sefingi, ulianza kujulikana Ufaransa mwaka 1957, pale mwandishi wa filamu Peter Viertel alipoleta ubao Biarritz. Hossegor ilipata umaarufu wake baadaye, kwa sababu mawimbi yake yana nguvu kuliko ya Biarritz. Kuanzia 2002 hadi 2019 wachezaji bora wa dunia walikuwa wakija hapa kwa mashindano ya Quiksilver Pro France, ambayo kwa kawaida yalifanyika mwezi wa Oktoba. Mwezi huo haukuchaguliwa kwa bahati, kama itakavyoonekana chini.

Kwa nini mawimbi ya Hossegor yana nguvu kuliko ya fukwe jirani?

Jibu liko chini ya maji. Mbele ya Capbreton, mita mia chache tu kutoka ufukweni, linaanza korongo kubwa la bahari ambalo wenyeji huliita Gouf. Korongo hilo linakata sakafu ya bahari kuelekea magharibi kwa takriban kilomita 300, na kina chake huko mbali kinapita mita 3,000.

Wimbi linalotoka mbali huanza kupungua kasi pale linapohisi sakafu ya bahari. Katika sehemu nyingi za pwani hii sakafu hupanda polepole, kwa hiyo wimbi hupoteza sehemu ya nguvu zake kabla halijafika. Juu ya korongo hali ni tofauti, kwani wimbi huendelea kwa kasi yake huku sehemu zake za pembeni, zilizo juu ya sakafu ya karibu, zikichelewa. Tofauti hiyo ya kasi hulipinda wimbi, nguvu zikaondoka katikati ya korongo na kurundikana pande zake mbili. Ndiyo maana siku ya mawimbi makubwa unaweza kusimama kwenye gati la mbao la Capbreton na kuona maji yaliyotulia kiasi mbele yako, ilhali mwendo wa dakika chache kaskazini, pale ufuko wa La Gravière, mawimbi yanaanguka kama nyumba. Anayefika kwa mara ya kwanza asiipime bahari ya Hossegor kwa kuangalia mdomo wa bandari ya Capbreton.

Inasemwa kwamba hapa mawimbi huvunjika juu ya mafungu ya mchanga. Jambo hilo lina maana gani kwa mgeni?

Lina maana kwamba hakuna mahali palipo pazuri daima. Penye mwamba au matumbawe, wimbi huvunjika mahali palepale mwaka hadi mwaka, na mtu akishapajua amepajua. Penye mchanga, dhoruba moja inaweza kulihamisha fungu, kulikata katikati au kulifuta kabisa. Dhoruba za majira ya baridi ya 2013 na 2014 zilikula sehemu kubwa za fukwe na matuta ya pwani hii, na wateleza mawimbi wakalazimika kuyatafuta mafungu upya.

Kwa sababu hiyo, ushauri uliotolewa mwezi uliopita kuhusu ufuko fulani huenda leo haufai tena. Panda juu ya tuta kupitia njia iliyotengenezwa, kaa huko kwa angalau dakika 20, na uangalie. Palipo na fungu, wimbi linavunjika na maji ni meupe. Palipo na mfereji kati ya mafungu, maji ni meusi zaidi na uso wake unaonekana umetulia. Mawimbi makubwa huja kwa makundi, na baina ya kundi na kundi bahari inaweza kupumzika kwa dakika kumi au zaidi, kwa hiyo anayetazama kwa dakika mbili tu huenda akaingia akidhani bahari ni ndogo.

Ni majira gani yanayofaa zaidi?

Mawimbi ya hapa huzaliwa na mifumo ya kanieneo ndogo inayopita Atlantiki ya Kaskazini, hasa kati ya Kanada, Greenland na Uingereza. Majira ya joto mifumo hiyo husogea kaskazini na kudhoofika. Ndiyo sababu Julai na Agosti mawimbi mara nyingi huwa kati ya nusu mita na mita moja na nusu, yenye kufaa wanaojifunza, ingawa siku kubwa hutokea pia.

Septemba na Oktoba ndiyo miezi ninayoipendekeza bila kusita kwa mtu aliyekwisha kujifunza. Dhoruba za kaskazini zimeanza kuamka lakini ziko mbali, hivyo mawimbi hufika yakiwa yamejipanga. Maji bado yana joto la nyuzi 18 hadi 20. Watalii wengi wameondoka. Na asubuhi upepo wa nchi kavu huvuma mara kwa mara. Kuanzia Novemba hadi Machi bahari ni ya wazoefu. Mawimbi ya mita tatu au nne si ajabu, mvua ni nyingi, na joto la maji hushuka hadi karibu nyuzi 12. Aprili na Mei hali hubadilika kila wiki.

Jambo dogo la kukumbuka ni urefu wa siku. Mwishoni mwa Juni jua huzama karibu saa nne usiku, hivyo mtu anaweza kuingia majini baada ya chakula cha jioni. Katikati ya Oktoba jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi, na anayeamka alfajiri kwa mazoea ya nyumbani atangoja gizani.

Maji kujaa na kupwa yana athari gani hapa?

Yana athari kubwa kuliko kitu kingine chochote ukiacha ukubwa wa mawimbi wenyewe. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50 kila siku, sawa na ilivyo katika pwani ya Afrika Mashariki. Wakati wa bamvua tofauti kati ya maji makuu na maji ya kupwa hufikia mita 4 na zaidi, kiwango ambacho hakitamshangaza mtu wa Zanzibar. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo hupungua hadi karibu mita moja na nusu.

Wafaransa hupima nguvu ya maji kwa namba kuanzia 20 hadi 120, ambayo huandikwa kwenye majedwali pamoja na saa. Namba iliyo chini ya 45 ni maji mafu. Inayopita 90 ni bamvua. Namba hiyo ni ya kuangaliwa kila siku, kwa sababu inakueleza si kimo cha maji tu bali pia kasi ambayo maji yatakwenda nayo. Baadhi ya majedwali hayajumuishi saa moja inayoongezwa majira ya joto, hivyo soma maelezo yake kabla ya kupanga siku.

Kwa jumla, fungu linalovunja vizuri maji yakiwa yamekupwa huwa halifanyi kazi maji yakijaa, kwa sababu kina kimezidi na wimbi hupita juu yake bila kuvunjika. Maji makuu ya bamvua huyaleta mawimbi hadi kwenye mteremko mkali wa ufuko, yakavunjikia mchangani moja kwa moja. Hali hiyo huvunja shingo na mabega ya waogeleaji wanaocheza ukingoni, watu ambao hawakuwa na ubao wala nia ya kwenda mbali. Usiupe mgongo wimbi linalovunjikia ufukweni, na usilirukie kwa kichwa.

Nisomeje utabiri wa mawimbi na upepo?

Kimo peke yake hakitoshi. Angalia pia muda kati ya wimbi na wimbi, unaohesabiwa kwa sekunde. Wimbi la mita moja na nusu lenye sekunde 8 ni maji yaliyochafuliwa na upepo wa karibu. Wimbi la kimo hichohicho lenye sekunde 14 limesafiri kutoka mbali, limebeba nguvu nyingi zaidi, linahisi sakafu mapema zaidi, na kando ya korongo la Capbreton litageuka kuwa kitu kikubwa kuliko namba ilivyoahidi. Wageni wengi hukosea hapa, kwa kusoma mita na kuacha sekunde.

Pwani inatazama magharibi, kwa hiyo mawimbi ya kutoka magharibi na kaskazini-magharibi ndiyo yanayoingia vizuri. Upepo unaotakiwa ni wa mashariki, unaotoka nchi kavu kupitia misonobari, kwani huushikilia uso wa wimbi na kulifanya lisimame kabla ya kukunja. Siku za joto upepo huo hufa kabla ya adhuhuri, na upepo wa bahari hushika zamu hadi jioni. Asubuhi na mapema, na saa ya mwisho kabla ya jua kuzama, ndizo nyakati za kutegemewa.

Wenyeji pia huzungumzia brouillarta. Baada ya siku ya joto kali na upepo wa kusini, upepo hugeuka ghafla kuwa wa magharibi, hewa hupoa kwa nyuzi kumi au zaidi kwa muda mfupi, na bahari huchafuka. Ukiona watu ufukweni wanakunja miavuli kwa haraka na ukungu mweusi umesimama upande wa Hispania, toka majini.

Baïne ni nini, na kwa nini kila mtu anaonya juu yake?

Naomba msomaji asiliruke jibu hili hata kama ataruka mengine yote, kwa sababu karibu kila kiangazi watu hufa kwa kutojua jambo hili.

Neno hili linatokana na Kigaskoni na maana yake ni beseni dogo. Maji yanapokuwa yamekupwa, kati ya ufuko na fungu la mchanga hubaki dimbwi refu, lenye maji ya vuguvugu na yasiyo na mawimbi. Mzazi anayetafuta mahali pa watoto huliona akadhani Mungu amemwandalia bwawa. Dimbwi hilo lina mlango unaoelekea baharini. Mawimbi yanapovuka juu ya fungu hulijaza dimbwi, na maji hayo yote yanapaswa kutoka. Hutoka kupitia mlango huo kama mto, yakimvuta aliyemo. Nguvu ya mkondo hubadilika kulingana na mawimbi na maji. Mkondo ni mkali zaidi pale mawimbi yanapokuwa na nguvu na maji yako kati ya kupwa na kujaa, na huwa wa hatari hasa maji yanapoanza kutoka. Dimbwi lililokuwa limetulia saa moja iliyopita linaweza kuwa mto bila dalili ambayo mgeni ataitambua.

Mwenye kuvutwa asipigane na mkondo kwa kuogelea moja kwa moja kuelekea ufukweni, kwani hata mwogeleaji hodari huchoka, na kinachoua ni uchovu na hofu. Alale chali, aelee, apumue, anyanyue mkono mmoja ili waokoaji wamwone, na auache mkondo umpeleke. Mkondo huo haumvuti mtu chini, na hudhoofika ukishavuka mafungu. Hapo, kama ana nguvu, aogelee sambamba na ufuko hadi panapovunjika mawimbi, kisha ayaache mawimbi yenyewe yamrudishe. Mwenye ubao asiuache kwa hali yoyote, kwa kuwa ubao ndio boya lake.

Anayeona mwenzake anavutwa asiingie mikono mitupu. Aite waokoaji, au apige simu, na asimwondolee macho aliyemo majini. Mara nyingi anayezama ni yule aliyekwenda kuokoa.

Bendera za ufukweni zina maana gani?

Ufaransa ilibadilisha alama zake mwaka 2022 ili zilingane na za nchi nyingine. Bendera ya kijani inaonyesha kwamba waokoaji wapo na hakuna hatari ya pekee. Ya njano, kwamba waokoaji wapo lakini kuna hatari. Nyekundu, kwamba kuoga kumekatazwa. Na ya zambarau inaonya juu ya uchafuzi wa maji au viumbe hatari. Pahali pa kuogelea huwekwa kati ya bendera mbili zenye nusu nyekundu na nusu njano. Pahali pa mbao na michezo mingine huwekwa kati ya bendera za mirabaraba meusi na meupe. Mwenye ubao haruhusiwi kuingia eneo la waogeleaji, na katazo hilo husimamiwa kwa ukali kwa sababu ubao ulioponyoka unaweza kumpasua mtoto kichwa.

Ulinzi huwepo majira ya joto, kati ya Juni na Septemba, na tarehe pamoja na saa hutofautiana kwa kila ufuko. Zimeandikwa kwenye ubao wa matangazo mlangoni. Nje ya saa hizo bendera hushushwa. Kutokuwepo kwa bendera si ruhusa ya kuogelea.

Nikiwa na uzoefu fulani, niende ufuko upi?

La Gravière ndiyo yenye sifa, na jina lake kwa Kifaransa lina maana ya machimbo ya kokoto. Huvunjika karibu sana na ufuko, kwa kina kidogo, na hukunja pango ambalo mtu anaweza kusimama ndani yake. Huvunja mbao kila wiki, na huvunja watu pia. Ikiwa unajiuliza kama uko tayari kwa La Gravière, basi bado. Siku hiyo kaa juu ya tuta utazame, kwani kutazama pale ni mafunzo yenye thamani.

La Nord, kusini yake kidogo, huvunjika mbali zaidi na huamka siku za mawimbi makubwa mno, wakati fukwe nyingine zimefungwa na maji meupe. Hapo panahitajika ubao mrefu, pumzi, na mwenzako anayepajua. Les Estagnots, upande wa Seignosse, ni pakarimu zaidi. Mafungu yake huwa mengi, hufanya kazi katika viwango kadhaa vya maji, na mteleza wa kati atapata nafasi, ingawa atapata pia umati. Les Bourdaines na Le Penon hufuata kaskazini. Siku ambayo Hossegor imezidi, wenyeji husogea Capbreton, kwenye kivuli cha korongo. Siku ambayo imepungua kupita kiasi, husogea kaskazini kuelekea Vieux-Boucau, Messanges na Moliets.

Sijawahi kusimama juu ya ubao. Je, naweza kujifunzia hapa?

Unaweza, ikiwa utachagua majira ya joto na ufuko wa upole, na ikiwa utajifunza kwa mwalimu. Capbreton, sehemu ya kusini ya Hossegor, na Vieux-Boucau zina shule nyingi. Sheria ya Ufaransa inamtaka mwalimu anayelipwa awe na stashahada inayotambuliwa na serikali na kitambulisho cha kazi, na si utovu wa adabu kumwomba akuonyeshe. Kundi kwa kawaida halizidi wanafunzi 8 kwa mwalimu mmoja. Shule nyingi zitakuuliza kama unajua kuogelea. Jibu kwa ukweli, kwa sababu kujua kuelea katika maji ya chumvi yaliyotulia ya Bahari ya Hindi si sawa na kuogelea ndani ya maji meupe yanayokugeuza.

Siku tatu za mwanzo utakuwa kwenye maji ya kiunoni, ukisukumwa na mawimbi yaliyokwisha kuvunjika. Usione haya, hapo ndipo miguu inapojifunza.

Nichukue vifaa gani?

Suti ya mpira ndicho kifaa cha kwanza, na anayetoka nchi za joto asidanganywe na jua. Julai hadi Septemba suti yenye unene wa milimita 3 kifuani na 2 mikononi inatosha. Majira ya kuchipua na mwisho wa vuli chukua 4 na 3. Wakati wa baridi 5 na 4 pamoja na viatu, na wengi huongeza glavu na kofia. Anayejifunza atumie ubao laini wa sponji, mrefu na mpana, ambao shule humpa. Kamba ya mguuni ikaguliwe kila unapoingia, kwani inayokatika humwacha mtu mbali bila boya. Nta ya ubao inunuliwe hukohuko kwa kuwa hutofautiana kulingana na joto la maji. Eneo la viwanda la Pédebert, nje kidogo ya mji, lina maduka mengi ya mbao na suti, yakiwemo ya bei iliyopunguzwa na ya vitu vilivyotumika.

Kuna adabu gani za majini?

Aliye karibu zaidi na mahali wimbi linapoanzia kuvunjika ndiye mwenye haki nalo. Kumwingilia mbele mtu aliyekwisha kusimama ni kosa kubwa kuliko yote. Unaporudi ndani, zunguka kupitia mfereji usikatize njia ya wanaoteleza. Ukijikuta njiani mwao, elekea kwenye maji meupe na umwachie wimbi lake. Usiutupe ubao wako wimbi likija. Sema «bonjour» unapofika mahali walipokaa wenzako. Salamu hufungua milango huku kama inavyofungua kwetu, na mgeni anayesalimu, akakaa pembeni kidogo na kusubiri, mara nyingi huachiwa wimbi.

Mbali na maji yenyewe, nijihadhari na nini?

Kwanza, mahandaki ya saruji yaliyojengwa na jeshi la Ujerumani wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Matuta yamerudi nyuma na mahandaki yamebaki ufukweni, hasa kusini mwa Capbreton, yakiwa na nondo zilizotokeza. Maji yakijaa huyafunika kwa sehemu, hivyo jua yalipo kabla hujaingia.

Pili, samaki anayeitwa vive, anayejizika mchangani maji yakipwa na kuacha miiba ya mgongoni wazi. Maumivu yake ni makali sana lakini sumu yake hudhoofishwa na joto: tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, na uwaone waokoaji. Tatu, miaka mingine upepo huleta viumbe vya rangi ya buluu vyenye nyuzi ndefu, vifananavyo na kiwavi wa baharini, vinavyoitwa physalie. Usiviguse hata vikiwa vimekufa ufukweni.

Usikanyage nyasi za matuta, kwani mizizi yake ndiyo inayoushikilia mchanga, na usiwashe moto wala kuvuta sigara msituni.

Nifikeje, na ninahitaji viza gani?

Wenye pasipoti za Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo huhitaji viza ya Schengen, hata kama wanaishi Uingereza au Oman. Viza ya muda mfupi huruhusu siku 90 ndani ya kipindi cha siku 180, na huhitaji bima ya matibabu ya angalau euro 30,000. Hakikisha bima hiyo inahusisha michezo ya majini. Mwenye kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen hahitaji viza nyingine.

Kutoka Paris, treni ya kasi huondoka kituo cha Montparnasse na kufika Dax au Bayonne kwa saa tatu hadi nne hivi. Uwanja wa ndege wa karibu ni wa Biarritz. Treni za mkoa husimama Saint-Vincent-de-Tyrosse, na mabasi ya Yégo huunganisha miji ya pwani. Ukishafika, kodi baiskeli. Njia zake ni nzuri, zinapita chini ya misonobari, na zinakuepusha na maegesho ambayo kiangazi hulipiwa na hujaa mapema.

Je, kuna mambo ya chakula na mavazi ambayo familia ya Kiislamu ingependa kuyajua mapema?

Nyama ya nguruwe ya Bayonne ni fahari ya eneo hili na huwekwa katika vyakula ambavyo mgeni hangeidhania, hata saladi na mayai, kwa hiyo uliza kila mara. Samaki ni rahisi kupata: Capbreton ndiyo bandari pekee ya uvuvi ya Landes, na wavuvi huuza pale bandarini samaki waliovuliwa usiku huo. Suti ya mpira hufunika mwili kutoka shingoni hadi vifundoni, na wanawake kwa wanaume huivaa sawa, hivyo anayependa kujisitiri hatatofautiana na yeyote majini. Ijulikane pia kwamba sehemu ya ufuko kati ya Hossegor na Seignosse hutumiwa kwa desturi na watu wanaoota jua bila nguo. Anayetaka kuiepuka akae kwenye fukwe za kati zenye waokoaji.

Bahari ikiwa imefungwa kwa bendera nyekundu, familia ifanye nini?

Iende ziwani. Ziwa la Hossegor ni la maji ya chumvi, limelala katika njia ya zamani ya mto Adour, ambao karne nyingi zilizopita uliingia baharini upande huu, kabla ya mhandisi Louis de Foix kuufungulia mdomo mpya karibu na Bayonne mwaka 1578. Maji yake hujaa na kupwa pamoja na bahari kupitia mfereji, lakini hayana mawimbi, na fukwe zake ndogo zinafaa watoto. Angalia jedwali kabla ya kwenda, kwa sababu bamvua ikipwa sehemu kubwa hubaki tope na mchanga, na usiwaruhusu watoto wakaribie mfereji, ambako maji hukimbia. Chaza hufugwa humo, na huliwa vibandani kando ya maji.

Dharura ikitokea baharini, nipige simu namba gani?

Ukiwa nchi kavu piga 196, namba ya uokoaji wa baharini inayofanya kazi mchana na usiku, au 112, ambayo hupokelewa kote Ulaya. Taja jina la ufuko na namba au jina la njia uliyopitia kuingia, jambo linalotakiwa uwe umeliangalia wakati wa kushuka kutoka kwenye tuta. Eleza idadi ya watu waliomo majini na kama wana ubao, na usikate simu mpaka uambiwe.